Tuoke Biskuti za Karanga Nyumbani



Saa tisa alasiri watoto wanarudi kutoka shuleni. Jua kali, njaa inauma, na chakula cha jioni bado kiko mbali. Mtoto anatupa mfuko wa madaftari, anauliza: "Mama, kuna nini cha kula?" Mama anatazama huku na huku. Kiporo kimekwisha tangu asubuhi. Basi anatoa shilingi, mtoto anakimbia dukani kununua pakiti ya biskuti. Ndani ya pakiti mna biskuti chache tu. Zinaisha njiani, kabla hajafika nyumbani. Kesho mambo ni yale yale.

Sasa tujiulize. Biskuti ni kitu gani? Ni unga, sukari na mafuta, basi. Vitu hivyo vinapatikana kijijini. Karanga tunalima wenyewe. Kuku anataga uani. Makaa tunayo. Kwa nini tusioke wenyewe?

Wengine watasema, "Aa! Biskuti ni kazi ya kiwanda. Sisi hatuna jiko la kuokea." Si kweli. Unguja na Pemba kina mama huoka vileja. Vileja ni biskuti za unga wa mchele, samli, sukari na hiliki. Zimeokwa miaka na miaka bila jiko la umeme wala la gesi. Ni sufuria tu, makaa chini na makaa juu.

Katika somo hili tutajifunza kuoka biskuti za karanga kwa njia hiyo hiyo. Tutajifunza mambo matatu: kupima, kuchagua na kuandika. La kuchagua ndilo kubwa, maana linahusu uhai wa watoto wetu. Tafadhali usiliruke.

Na baba naye asome. Makaa hayamjui mume wala mke.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Vipimo hivi vinatoa biskuti kama 30:

Unga wa ngano: vikombe 2
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa: kikombe 1
Sukari: nusu kikombe
Mafuta ya kupikia: nusu kikombe
Yai: 1
Maziwa au maji safi: vijiko vikubwa 2
Chumvi: nusu kijiko cha chai

Unga wa ngano ni ghali? Tumia kikombe 1 na nusu cha ngano, na nusu kikombe cha unga laini wa mahindi, mtama au ulezi. Mkate unahitaji ngano ili uvutike na kuumuka. Biskuti haina haja ya kuvutika. Kwa hiyo unga wetu wa nyumbani unafaa. Zitakuwa nyepesi kuvunjika kidogo, lakini ni tamu.

Vyombo: sufuria kubwa yenye mfuniko, sahani 2 za bati, bakuli, chekecheke, kinu na mchi, koleo, kitambaa kinene cha kushikia, na kopo safi lenye mfuniko.

JINSI YA KUPIMA

Mtu akisema "kikombe", ni kikombe kipi? Nyumbani tuna vikombe vikubwa na vidogo. Katika somo hili kikombe ni kile kinachochukua maji robo lita.

Unaweza kukipata kwa njia rahisi. Chukua chupa ya nusu lita. Ijaze maji. Mimina maji hayo katika vikombe viwili vinavyofanana. Kama chupa imekwisha na vikombe vyote viwili vimejaa sawasawa, basi kikombe hicho ni cha robo lita. Kitie alama. Kiwe ndicho kipimo chako siku zote.

Unapopima unga usiushindilie. Utie kwa kijiko hadi kikombe kifurike, kisha pitisha kisu juu yake ili uwe sawa na ukingo. Unga ulioshindiliwa huwa mwingi kuliko unavyodhani, na biskuti zitakuwa ngumu. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Katika kuoka, haba hizo zihesabiwe.

CHAGUA KARANGA KABLA YA KINU

Hapa tusimame kidogo.

Wakati wa mavuno tunajua desturi yetu. Karanga nzima na nono zinatiwa katika gunia kwenda kuuzwa. Zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoota ukungu zinabaki nyumbani. Mtu anasema, "Hizi si za kutafuna, hizi ni za kutwanga." Zinaingia kinuni, zinakuwa unga, zinatiwa katika mboga au katika uji wa mtoto. Zikishatwangwa, nani atajua ipi ilikuwa mbovu? Kinu kinaficha kila kitu.

Lakini mwili haudanganyiki. Katika karanga na mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwamo sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu yenyewe huioni kwa macho. Huwezi kuitambua kwa harufu. Inashambulia ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, huweza kuumwa tumbo, kutapika, macho kuwa ya manjano, na hata kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kupata saratani ya ini.

Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga wapatao 100,000 walikufa. Mwanzoni watu hawakujua sababu. Wataalamu wakachunguza chakula cha ndege hao. Wakaona kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu ya ukungu.

Wala si mambo ya mbali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hii. Kati yao 125 walikufa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 68 waliugua, na 20 kati yao walikufa. Hawa walikuwa watu kama sisi, wakulima na watoto wa wakulima.

Sasa sikiliza vizuri, mwenzangu. Moto hauimalizi sumu hii. Ukichemsha, bado imo. Ukikaanga, bado imo. Ukioka biskuti, bado imo. Kwa hiyo kazi yetu ni kabla ya moto, na kabla ya kinu.

Fanya hivi:

1. Menya karanga, zimwage kwenye ungo au sinia, mahali penye mwanga wa kutosha.

2. Toa zote zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zilizoanza kuota.

3. Kaanga zilizobaki kwa moto mdogo, kisha pikicha maganda mekundu na upepete. Chagua tena. Sasa karanga ziko uchi, na zenye madoa zinaonekana vizuri zaidi.

4. Ukitafuna karanga moja ukaona ni chungu, itema. Usiseme "itachanganyika na sukari".

5. Zile mbovu zichome au zifukie. Usiwape kuku, bata wala mbuzi. Nao wanadhurika. Usizikamue mafuta.

6. Kama gunia zima limelowa na linanuka ukungu, usihangaike kuchagua. Lote halifai.

Kuchagua kunapunguza hatari sana, lakini hakuiondoi yote, kwa kuwa sumu yenyewe haionekani. Kinga kubwa inaanzia shambani. Vuna karanga kwa wakati wake. Zianike juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo mtupu. Zikauke upesi na sawasawa. Ukitikisa ganda na karanga zikalia ndani, ni dalili kwamba zimekauka. Ziweke juu ya chaga, mahali pasipovuja na penye hewa. Na zile nzuri usiuze zote. Watoto wako nao ni wateja.

KUTAYARISHA JIKO

Mara ya kwanza nilipooka biskuti, nilijaza makaa chini ya sufuria, juu nikaweka vipande viwili tu. Nilipofunua, chini zilikuwa nyeusi kama mkaa wenyewe, juu zilikuwa mbichi. Bibi yangu akacheka sana. Akaniambia, "Mjukuu wangu, umeoka au umechoma? Unapopalia wali, moto unauweka wapi? Juu! Basi na hizi ni hivyo hivyo." Tangu siku hiyo sikusahau.

Chukua sufuria nene yenye mfuniko wa bati. Ikiwa kuukuu si neno. Tia ndani mchanga mkavu, safi, uliochekechwa. Kina chake kiwe vidole viwili. Mchanga huo unasambaza joto na kuzuia biskuti zisiungue chini.

Juu ya mchanga weka mawe madogo 3 yanayolingana. Yawe mawe makavu. Usitumie mawe ya mtoni, maana yanaweza kuwa na maji ndani, na yakipata moto hupasuka. Juu ya mawe hayo ndipo utakapoweka sahani ya biskuti.

Weka sufuria jikoni. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ya mfuniko yawe mengi. Ukiweka koleo 1 chini, weka koleo 2 juu. Acha sufuria ipate joto kwa dakika 15.

Kisha ujaribu moto. Nyunyiza unga kidogo kwenye sahani ya bati, uiweke ndani, funika. Baada ya dakika 5 funua utazame. Unga ukiwa bado mweupe, moto ni mdogo. Ukiwa mweusi, moto ni mkali mno, punguza makaa. Ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, moto umekubali.

Angalizo: Oka nje, au jikoni penye milango na madirisha wazi. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Ndani ya chumba kilichofungwa hewa hiyo huua. Jiko lisiingizwe chumba cha kulala, hata kama kuna baridi. Na watoto wadogo wakae mbali na mfuniko wenye moto.

JINSI YA KUOKA, HATUA KWA HATUA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi.

2. Twanga karanga ulizochagua. Ziwe chenga laini. Usitwange mpaka zitoe mafuta na kuwa kama uji mzito.

3. Chekecha unga na chumvi pamoja kwenye bakuli.

4. Katika bakuli jingine changanya mafuta na sukari. Koroga kwa mwiko dakika 5. Vunja yai pembeni kwanza ulitazame. Kama ni zuri, litie, ukoroge tena.

5. Tia karanga zilizotwangwa. Changanya.

6. Tia unga kidogo kidogo huku unachanganya. Unga ukiwa mkavu na haushikani, tia maziwa, kijiko kimoja, kisha cha pili. Usitie kwa kumimina.

7. Ukishashikana, acha. Usiukande kama unga wa chapati. Ukikanda sana, biskuti zitakuwa ngumu kama kigae.

8. Fanya vidonge vidogo 30, kila kimoja kama limau dogo. Vibonyeze kwa kiganja viwe bapa, unene wa kidole kidogo. Vyote vilingane. Kikubwa na kidogo haviivi pamoja.

9. Paka sahani mafuta kidogo. Panga biskuti 10, ziachane kidogo.

10. Kwanza oka biskuti 1 peke yake. Hii ni ya majaribio. Ikiungua, umepoteza moja, si kumi. Ukiona moto uko sawa, endelea na zilizobaki.

11. Funika. Usifunue kila mara, joto linatoka. Baada ya dakika 15 tazama. Mara nyingi zinaiva kati ya dakika 15 na 20. Huna saa ya ukutani? Tazama saa ya simu.

12. Biskuti zikiwa na rangi ya hudhurungi pembeni, zimeiva. Katikati zitakuwa laini bado. Usiogope. Zikipoa zinakauka.

13. Ziepue na sahani yake. Ngoja dakika 5 kabla ya kuzigusa, la sivyo zitavunjika. Panga mkupuo mwingine kwenye sahani ya pili. Ongeza makaa juu kama yamefifia.

Watoto wasile unga mbichi wenye yai. Wangoje ziive. Haraka haraka haina baraka.

KASORO NA SABABU ZAKE

Chini zimeungua, juu mbichi: makaa ya chini yamezidi, au mchanga ni mchache.

Juu zimeungua, ndani mbichi: makaa ya juu ni makali mno, au biskuti ni nene.

Zimekuwa ngumu: maji yamezidi, unga umekandwa sana au umeshindiliwa wakati wa kupima.

Zinamumunyuka zote: unga ulikuwa mkavu mno. Ongeza kijiko 1 cha maziwa safari ijayo.

Zimetambaa na kushikana: mafuta yamezidi, au ulizipanga karibu karibu.

Zimelainika ndani ya kopo: ulizifungia zikiwa bado na joto.

Kwa hiyo acha biskuti zipoe kabisa kabla ya kuzitia katika kopo. Funika barabara ili wadudu na unyevu visiingie. Mahali pakavu zitakaa wiki moja bila shida. Zikianza kunuka mafuta yaliyoharibika au zikiota ukungu, zitupe.

NANI ALE, NA ALE NGAPI?

Karanga ni chakula cha kujenga mwili. Karibu robo ya uzito wake ni protini, na karibu nusu ni mafuta. Yai na maziwa nayo yanajenga mwili. Kwa hiyo biskuti hii ina faida kuliko ile ya unga na sukari tupu.

Hata hivyo biskuti si ugali. Haichukui nafasi ya chakula cha mchana, mboga za majani, maharage na matunda. Ni ya kumshikiza mtoto. Biskuti 2 pamoja na kikombe cha maziwa au uji zinatosha. Sukari nyingi huozesha meno. Mtoto akishakula, anywe maji, na usiku apige mswaki kabla ya kulala.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima, maana zinaweza kuwapalia na kuziba njia ya hewa. Ndiyo sababu tumezitwanga. Na mtoto mdogo akila biskuti, akae kitako, asikimbie.

Wako watu wachache ambao miili yao haipatani na karanga kabisa. Mtu akila karanga akavimba midomo, akatokwa na vipele au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe tena karanga.

TUFANYE HESABU

Je, kuoka nyumbani kuna faida? Tusibishane. Tuandike, tuhesabu.

Tuseme bei za kijijini kwako ni hivi:

Unga wa ngano: shilingi 500
Karanga: shilingi 500
Sukari: shilingi 300
Mafuta: shilingi 700
Yai: shilingi 400
Maziwa na chumvi: shilingi 100
Makaa: shilingi 500

Jumla: shilingi 3,000

Biskuti ni 30. Kwa hiyo 3,000 ÷ 30 = 100. Biskuti moja imegharimu shilingi 100.

Huu ni mfano tu. Wewe weka bei za dukani kwenu. Karanga za shambani kwako na yai la kuku wako vihesabu pia, kwa sababu ungeweza kuviuza. Makaa nayo usiyasahau. Watu wengi husahau makaa, halafu wanashangaa fedha zimekwenda wapi.

Kisha nunua pakiti moja ya biskuti za dukani. Soma maandishi yaliyo juu ya karatasi yake. Uzito ni gramu ngapi? Imetengenezwa kwa vitu gani? Tarehe ya mwisho ya kutumika ni ipi? Hesabu biskuti zilizomo, ugawanye bei kwa idadi hiyo. Ziweke ya dukani na yako pamoja kwenye mizani. Hapo utajua ukweli. Yawezekana ya dukani ikawa rahisi zaidi kwa bei. Lakini je, ina karanga? Ina yai? Hilo nalo lihesabu.

Hesabu nyingine: nyumba ina watoto 4. Kila mtoto anakula biskuti 2 kwa siku. Kwa siku moja ni 8. Kwa siku 3 ni 24. Zinabaki 6. Hizo ni za baba, mama na mgeni atakayebisha hodi.

ANDIKA VIPIMO VYAKO

Bibi yangu niliyemtaja alioka vizuri kuliko mimi. Alipima kwa kiganja. Unga kiganja hiki, sukari kiganja kile, mafuta "mpaka uone yametosha". Hakujua kusoma wala kuandika, nami sikufikiri kumwuliza na kuandika alipokuwa hai. Alipofariki, sufuria yake ilibaki kwetu. Vipimo vyake alikwenda navyo.

Wewe leo unajua kusoma na kuandika. Usikubali jambo zuri lipotee hivyo. Chukua daftari, andika ukurasa mmoja kila unapooka:

Tarehe:
Vipimo nilivyotumia:
Makaa, chini na juu:
Dakika:
Biskuti zilizopatikana:
Gharama yote:
Zilikuwaje:
Safari ijayo nitabadili nini:

Ukiandika mara tatu au nne, utapata vipimo vinavyolingana na jiko lako na unga wako. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa vipimo vya nyumba yako, na mwanao atavisoma.

Kama yupo mama au bibi hapo kijijini anayejua kuoka vileja, maandazi au mkate wa kumimina, mwendee na daftari lako. Mwambie, "Shikamoo bibi, nimekuja nijifunze." Kila anapochota kiganja cha unga, mwombe akimwage kwanza ndani ya kikombe chako. Pima, andika, kisha umrudishie. Atacheka, lakini atafurahi.

SOMENI PAMOJA

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1975. Mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadili lishe bora. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Someni somo hili watu watano au sita. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuatishe. Kila mtu alete kitu kimoja: huyu unga, yule karanga, mwingine makaa. Karanga zichaguliwe na wote, kwenye ungo mmoja. Macho mengi yanaona zaidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kikombe cha somo hili kinachukua maji kiasi gani? Utakipataje nyumbani?

2. Kwa nini tunachagua karanga kabla ya kuzitwanga?

3. Je, kuoka kunaondoa sumukuvu?

4. Nyumbani kwako, karanga mbovu zilikuwa zikienda wapi? Zitakwenda wapi sasa?

5. Kwa nini makaa ya juu yanakuwa mengi kuliko ya chini?

6. Vitu vyote vimegharimu shilingi 3,600. Biskuti ni 30. Biskuti moja imegharimu shilingi ngapi?

7. Ukitaka kuoka biskuti 60, utahitaji vikombe vingapi vya unga? Mayai mangapi?

MAANA YA MANENO

Chaga: jukwaa la miti la kuwekea mazao yasiguse chini.
Chenga: punje ndogo ndogo za kitu kilichotwangwa.
Mashudu: makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta.
Mkupuo: kiasi kinachofanywa kwa mara moja.
Palia: weka makaa juu ya chombo ili chakula kiive kwa joto la juu.
Sumukuvu: sumu inayotokana na kuvu, yaani ukungu, kwenye mazao kama mahindi na karanga.

Haya basi, ndugu wasomaji. Kikombe mnacho, ungo mnao, kalamu mnayo. Kesho saa tisa mtoto atauliza tena, "Mama, kuna nini?" Mwambie anawe mikono, kisha afunue kopo.